Kabla hamjatangaza mdhibiti mkuu mpya

Kila msimu wa kutetea memwari (tasnifu) unapokaribia hapa Bukavu, meza yangu hujaa rasimu kuhusu krosi (uzalishaji mtambuka) ya aina mbili za chachu, BY ya maabara na RM ya shamba la mizabibu, na karibu kila moja hutangaza kwa furaha kitovu fulani kwenye jenomu kinachoongoza jeni nyingi zilizo mbali nacho. Nawapenda, wadogo zangu, lakini furaha hiyo imenichosha, kwa sababu najua inakotoka.

La kwanza, tenganisheni eQTL (mahali kwenye jenomu ambapo tofauti hubadilisha udhihirishaji wa jeni, yaani kiasi inavyotumika) zilizo karibu na jeni husika na zilizo mbali nayo kabla ya kuandika neno lolote. Uchambuzi wa mwaka 2018 wa wazao 1,012 wa krosi hiyo ulipata eQTL 36,498, nyingi zikiwa za mbali na zikirundikana katika vitovu 102. Hivyo kupata kitovu si ugunduzi.

La pili, someni jenotipu (muundo wa jeni) ya wazazi kabla ya kusoma grafu. Nilipokuwa naandika memwari yangu, nilikuta kwenye kromosomu ya 3 kilele kirefu ajabu, nikaandika sura nzima kuhusu mdhibiti asiyejulikana, nikampa jina la kifupi, nikachora mishale kutoka kwake hadi kwa kila jeni. Profesa wangu aliisoma sura yote kwa utulivu, kisha akauliza kama RM hukua kwenye chakula kisicho na leusini (asidi amino). Haikui. Katika RM11-1a (jina kamili la RM hiyo) jeni ya LEU2, inayohitajika kutengeneza leusini, ilifutwa maabarani kwa makusudi ili itumike kama alama, na URA3 vilevile, ilhali mzazi wa pili, BY, anayo LEU2 nzima. Kwa hiyo takriban nusu ya wazao hurithi pengo hilo, na seli zenye pengo hubadilisha udhihirishaji wa jeni nyingine za njia ya kutengeneza leusini. Majina ya jeni hizo yalikuwa juu kabisa ya orodha yangu, nami nilikuwa nimeyaita uthibitisho. Kilichoniuma si sura iliyofutwa, bali kwamba jenotipu ilikuwa imeandikwa kwenye jedwali la kwanza la data niliyoipakua mwenyewe, nikaliruka kwa sababu halikuwa na namba za kuchambua.

La tatu, wekeni OD (kipimo cha wingi wa seli kwa ukungu wa kimiminika) kwenye modeli ya takwimu, lakini msiiamini kupita kiasi: seli za RM hushikamana kwa sababu ya aleli yake (toleo lake) ya jeni AMN1, jambo linalopotosha kipimo, na glukosi inapokaribia kwisha sehemu kubwa ya jenomu hubadilisha udhihirishaji.

La nne, msidhani kila kitovu ni kigezo cha transkripsheni (protini inayowasha au kuzima jeni nyingine). HAP1 ni kigezo kweli, na BY inayo ikiwa imeharibiwa na Ty1 (kipande cha DNA kinachohamahama) iliyojipachika. Lakini GPA1 ni sehemu ya njia ya kupokea feromoni, na AMN1 inahusika na seli kuachana baada ya kugawanyika.

Kuna pia wale wanaotaka kukrosisha chachu ya kasiksi (pombe ya ndizi) na BY, wazo ninaloliunga mkono kwa moyo wote. Kabla hamjaomba fedha za kusoma RNA, hakikisheni kwamba chachu hiyo ni Saccharomyces cerevisiae, kwamba inatoa spora, na kwamba spora zake zinaota, kwa kuwa chachu nyingi za bia za viwandani hutoa spora kwa shida.