Hamna pasti pepa: majibu kwa wanaojiandaa na CGCS

Wiki hii meseji karibu zote ni za CGCS, kile cheti cha mameneja wa viwanja vya gofu kinachotolewa na GCSAA, chama chao cha Marekani. Nimechukua zenye kichwa na miguu, pamoja na moja isiyo navyo kwa sababu inarudi kila mara.

"Naomba pasti pepa za CGCS, hata za zamani." (wengi)

Hamna. Anayekuuzia ni tapeli. Na hata ungeiba mtihani mzima na majibu yake bado ungekwama, maana hapa haufanyi karatasi tu, kuna faili la kazi zako unaandaa halafu wanakuja watu uwanjani kwako kuangalia kama ulichoandika ndo unachofanya.

"Mkuu, hesabu zinanipiga chenga. Naweza kuziruka nikapatia maksi kwenye nyasi na magonjwa?" (Nakuru)

Hata ungefaulu, mi nisingekupa ufunguo wa stoo ya dawa. Wengi wetu kuzidisha tunajua, kinachotuangusha ni vipimo. Sisi ni watu wa kilo kwa hekta, wao wanakuuliza paundi kwa futi za mraba 1,000. Kariri hii basi: paundi moja ya naitrojeni kwa futi za mraba 1,000 ni kama gramu 4.9 kwa mita ya mraba, yaani kilo 49 hivi kwa hekta. Grini (pale penye shimo na nyasi fupi) ya mita za mraba 500 hapo inataka kilo 2.4 za naitrojeni, ila urea ina naitrojeni asilimia 46 tu, kwa hiyo kwenye mzani unapima kilo 5.3, sio 2.4. Hiyo ni ya kwenye karatasi jamani, usije ukaimwaga yote mchana mmoja juani halafu unitumie picha ya grini iliyoungua ukiniuliza huu ni ugonjwa gani.

Mfuko wa mbolea ya 17-17-17 nao unawaangusha wengi. Namba ya katikati watu wanasoma fosforasi, kumbe ni P2O5, yaani fosforasi pamoja na oksijeni, inabidi uzidishe kwa 0.44, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 8.5 za P2O5 lakini fosforasi yenyewe haifiki hata kilo 4. Ya mwisho ni K2O, potasiamu pamoja na oksijeni, zidisha kwa 0.83 upate potasiamu. Na galoni! Ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni 4.546, ukizichanganya kwenye bomba la kupulizia dawa yako imeshakosewa kwa karibu moja ya tano na hakuna mtu atakayejua mpaka nyasi zianze kuwa za njano.

"Niko Nyali, theluji naiona kwenye TV. Bentigrasi nasoma ya nini?" (Mombasa)

Kwa sababu mtihani ni wa Wamarekani na wao theluji wanayo. Usikariri majina lakini, elewa joto. Nyasi za baridi kama bentigrasi zinastawi kwenye nyuzi 15 mpaka 24 za Selsiasi, bermuda na paspalamu zinataka 27 mpaka 35, na ukishaelewa hapo maswali mengi ya maji, kukata na fangasi yanajijibu yenyewe.

Ila kuweni macho na kikuyu. Ni nyasi ya nyanda zetu za juu, Nairobi na Limuru mnaikata kila siku, lakini serikali ya Marekani imeiweka kwenye orodha ya magugu hatari, na papo hapo feawei (njia za nyasi kuelekea grini) za uwanja wa Riviera kule Los Angeles ni kikuyu na mashindano makubwa yanachezwa. Ukiulizwa jibu kwa mazingira yaliyo kwenye swali, sio ya kwenu.

"Mwenyekiti wetu anataka stimpmita isome 12. Ni sahihi?" (Arusha)

Mwenyekiti wako ameangalia TV sana. Edward Stimpson alibuni kile kifaa cha kupima kasi ya mpira kwenye grini mwaka 1935 baada ya kuona grini za uwanja wa Oakmont kwenye mashindano ya US Open, na USGA, chama cha gofu cha Marekani, ilipoanza kuwapa mameneja miaka ya 70 lengo lilikuwa grini za uwanja mmoja zilingane, sio klabu zitambiane. Kuitafuta 12 unashusha kisu cha moa, unabana maji na mbolea, mizizi inafupika, fangasi anaingia, na lawama ni zako sio za mwenyekiti. Kwa mtihani jua kupima: sehemu tambarare, viringisha mipira mitatu kwenda, mitatu kurudi, chukua wastani wa umbali kwa futi.

"Nafanya kazi Dubai. CGCS au Master Greenkeeper ya BIGGA?" (Dubai)

BIGGA ni chama cha watunza viwanja vya gofu cha Uingereza, na hicho ndo cheti chao. Angalia matangazo ya kazi unayoitaka wanaomba kipi. Vyote vigumu, na CGCS unaihuisha kila miaka 5 kwa hiyo kusoma hakuishi.

"Sijawahi kuweka rekodi za dawa. Naweza kuziandika sasa hivi za miaka ya nyuma?" (Entebbe)

Huo ni ughushi kaka, na mkaguzi anaujua kwa macho, kalamu moja, mwandiko mmoja, hakuna hata tone la matope. Anza leo: tarehe, dawa, kiasi, eneo, upepo, nani alipuliza, mvua ngapi. Klabu zetu zinanunua moa za mamilioni halafu hazina kipima mvua cha bei ya chakula cha mchana, nimelisema hili mpaka nimechoka. Na ukishanunua daftari ingia stoo uangalie rafu, dawa za unga zikae juu za maji chini, maana kopo likivuja lisiharibu mifuko, na makopo yaliyoisha yasuuzwe mara tatu yatobolewe kabla kina mama hawajayachukua kuchotea maji.

"Kikokotoo kinaruhusiwa?" (Moshi)

Soma maelekezo waliyokutumia.