Maswali ya Wasomaji: Mume wangu ana mama wanne, nimwandike yupi?

Mwezi huu barua zimeelekea upande mmoja, watu wanauliza kuhusu familia za Walakota, wale wenyeji wa asili wa South Dakota na North Dakota kule Marekani, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana ukiishika hiyo zingine zinakuwa nyepesi.

SWALI

Habari za kazi dada. Naishi Rapid City, South Dakota, nimeolewa na Mlakota wa Pine Ridge, eneo lao hapa hapa South Dakota, na tuna watoto wawili. Nataka kuwaandikia wanangu ukoo wa baba yao lakini nimekwama kwa kweli. Mume wangu ana mama wanne! Tukienda kwao ananiambia huyu ni mama yangu, tukienda tena ananionyesha mwingine, na wote wanamwita mwanangu. Nimepata sensa za zamani zenye bibi yake, humo kila mtoto ana mama mmoja tu na hao wengine wako kaya nyingine kabisa. Sasa nimwandike yupi? Afu baba mkwe hasemi na mimi, ujumbe anampa mume wangu anipe wakati nimekaa hapo hapo nasikia. Sijui nimemkosea nini.
Mama wa Wawili

JIBU

Pole dada yangu, na kwanza nikutoe wasiwasi, hao mama wote wanne ni wa kweli na mumeo hajakudanganya.

We jiulize tu, dada yake mama yako unamwita nani? Mama mdogo, au mama mkubwa kama alimtangulia mama yako kuzaliwa. Mdogo wake baba ni baba mdogo. Lakini kaka yake mama hawi baba, huyo ni mjomba, na dada yake baba ni shangazi. Sasa Kilakota kinakata pale pale. Mama ni ina na dada zake wote ni ina, baba ni ate na kaka zake wote ni ate, kaka wa mama ndo lekshi, dada wa baba ndo tunwin. Tofauti ni kwamba wao hawaongezi mdogo wala mkubwa, ni ina basi, na hata mke wa baba mdogo ni ina vilevile. Watoto wa hao wote ni kaka na dada zako kabisa, binamu ni mtoto wa lekshi au wa tunwin na ana jina lake tofauti. Wewe umelelewa na haya, Kiingereza ndo kinachowamwaga wote kwenye kapu moja, mjomba na baba mdogo neno lile lile.

Na karani wa sensa alikuwa anafikiri kwa Kiingereza. Sheria ya tarehe 4 Julai 1884 iliwalazimisha maafisa wa serikali waliosimamia rizavu, yaani yale maeneo wenyeji walikobakiziwa, kupeleka orodha ya watu kila mwaka, ndo hizo sensa za 1885 mpaka 1940, zimejaa roli 692 za mikrofilamu kwa makabila yote. Kaya ina mkuu wake, halafu mke, halafu watoto, na ina wa pili hana pa kukaa. Kumbuka pia zamani mwanaume aliweza kuoa dada wawili, Sitting Bull mwenyewe, yule kiongozi wao maarufu, wake zake wawili aliokuwa nao mpaka anauawa mwaka 1890, Four Robes na Seen-by-the-Nation, walikuwa ndugu. Mwaka 1883 serikali ikapiga marufuku ndoa za wake wengi, kwa hiyo ukiona mwanamke kaandikwa kaya ya pembeni na watoto wake usikimbilie kusema ni jirani, anaweza akawa mke wa bwana yule yule na dada wa bibi unayemtafuta. Nenda kaangalie sensa ya taifa ya 1910, ilikuwa na fomu ya peke yake kwa wenyeji wa asili na waliuliza waziwazi kama mtu yuko kwenye ndoa ya wake wengi na kama hao wake ni dada! Fomu hiyo na ya 1900 zinauliza pia kabila la baba na kabila la mama kila moja kivyake, hii ni dhahabu kwa mtu kama wewe.

Sasa nimwandike yupi, unauliza. Waandike wote. Chora mstari wa kuzaa, nani alimzaa nani, halafu pembeni andika neno ambalo mumeo anamwitia kila mmoja. Tena naomba sana, usimuulize "mama yako halisi ni yupi" mbele ya hao kina mama, maana wanawake hao wamemlea na swali hilo linawafanya watatu kuwa bandia. Muulize mumeo mkiwa wawili. Na ukikutana na ndugu ambaye damu haielezeki kabisa, uliza kuhusu hunka, ile sherehe ya kufanyana ndugu. Sitting Bull alimchukua kijana wa Kiassiniboine, kabila waliokuwa maadui, akamfanya mdogo wake, na udugu ule haukuwa wa mdomo tu.

Kitu kingine, neno la kaka na dada linategemea nani anaongea. Mwanaume anamwita kaka yake mkubwa ciye, mwanamke anamwita tiblo. Yaani kwenye maelezo ya zamani yaliyoandikwa kwa Kilakota neno moja tu linaweza kukuambia msemaji alikuwa mwanaume au mwanamke hata kama jina limefutika.

Lakini hapa ndo nakutahadharisha, maana lugha yetu inayokusaidia kwenye mama mdogo itakupoteza kwenye neno ukoo. Umeandika "ukoo wa baba yao". Sisi wengi tukisema ukoo tunafikiria mstari mmoja, wa baba au wa mama kutegemea na kabila, unazaliwa ndani yake na unazikwa ndani yake. Walakota hawana huo. Wao wana tiospaye, kundi la familia zinazopiga kambi pamoja chini ya kiongozi wanayemheshimu, na mtu anaingia kwa upande wa baba au wa mama au kwa kuoa, na akiona mambo hayaendi anahama na mahema yake. Crazy Horse, mpiganaji wao maarufu, baba yake alikuwa Moglala na mama yake Mminiconjou, yote ni matawi ya Walakota, na alikuwa na watu wake pande zote mbili. Kuna tiospaye ya Waoglala inaitwa Wagluhe, na jina lenyewe linaelezwa kuwa ni watu wanaokaa ukweni. Nyingine inaitwa Kiyaksa, nayo wanasema ni ya wale waliovunja mwiko wa kuoana ndugu kwa ndugu. Red Cloud, kiongozi wa Waoglala, alikuwa wa Itesica, Sura Mbaya. Kwa hiyo ukimfuata baba wa baba wa baba peke yake utapata majina ya wanaume mfululizo na bado hutajua familia ilikuwa inaishi na nani, na kuishi na nani ndo jambo lenyewe.

Utaipataje tiospaye? Walipobanwa kwenye rizavu watu walijenga kando ya vijito kwa makundi yao, kwa hiyo wilaya ya Pine Ridge ambako bibi alikaa, iwe Medicine Root au Porcupine au Wakpamni au Wounded Knee, ni dalili nzuri ya kuanzia. Angalia nani walikuwa majirani zake kwenye rejista za sensa miaka yote. Halafu tafuta mafaili ya mirathi. Ardhi iligawiwa kwa mtu mmoja mmoja na sheria ya mwaka 1910 ikaipa serikali kazi ya kuamua warithi ni kina nani, na ili waamue ilibidi wawaite wazee waseme chini ya kiapo, fulani alioa kwa mila, akaachana, akaoa tena, watoto watatu wakafa wadogo, mama yao alikuwa dada wa fulani. Mi ningekuwa na siku moja tu ya kutafuta nisingeigusa sensa, ningekaa na faili moja la mirathi mpaka wafunge mlango. Karatasi nyingi za ofisi zile ziko kwenye tawi la nyaraka za taifa Kansas City.

Na baba mkwe wako. Dada, anakuheshimu! Kwa mila ya Kilakota mwanaume na mama mkwe wake hawasemezani wala kutazamana usoni, na baba mkwe na mke wa mwanae hivyo hivyo, ukimya ndo heshima yenyewe. Familia nyingi zimelegeza, yeye bado anaishika, na kukupitishia ujumbe kupitia mwanae maana yake anakuhesabu mkwe kamili. Wenye ruhusa ya kukuchokoza ni mashemeji, hao wana utani na wewe tena utani mkali, kwa hiyo shemeji akikusema vibaya huku anacheka mjibu.

SWALI

Nafanya utafiti wa chuo kuhusu Walakota. Mtu wangu kwenye rejista ya miaka ya 1890 ana jina moja, kwenye ya 1905 ana lingine, na shuleni ana la tatu. Ni mtu mmoja au watatu?
Mwanafunzi wa Historia

JIBU

Mdogo wangu, inawezekana kabisa ni mmoja. Kwanza jina la Mlakota lilikuwa linabadilika akikua, Sitting Bull utotoni aliitwa Jumping Badger, na jina kubwa alipewa na baba yake ambaye ndiye alikuwa nalo, baba akabaki anaitwa Jumping Bull. Baba yake Crazy Horse naye alimwachia mwanae jina akajiita Worm. Kwa hiyo jina moja linaweza kuwa watu wawili pia, hiyo ni hatari ya upande wa pili na imewaangusha wengi.

Pili ni shule. Shule ya Carlisle, ya bweni kwa watoto wa wenyeji wa asili, kule Pennsylvania ilifunguliwa 1879 na kundi la kwanza lilitoka rizavu za Rosebud na Pine Ridge. Mtoto mmoja wao aliitwa Ota Kte. Walimwandikia majina ubaoni, majina ambayo hakuweza hata kuyasoma, wakampa fimbo anyooshe, ndo akawa Luther, na la pili akabandikwa jina la baba yake, Standing Bear. Mi kila nikimfikiria yule mtoto amesimama mbele ya ubao moyo unauma.

Tatu, kati ya 1903 na 1909 serikali ilimpa kazi Charles Eastman, daktari wa Kidakota aliyekuwa Pine Ridge wakati wa mauaji ya Wounded Knee, pale askari walipowaua Walakota, apitie orodha za ardhi za Wasioux, jina la Walakota na ndugu zao Wadakota kwa pamoja, awapangie watu majina ya familia ili baba na watoto washike jina moja na urithi usipotee. Rejista yako ya 1905 imeangukia humo humo, mimi ningeanzia hapo.

Na tafsiri nazo! Jina la Tasunke Kokipapi maana yake farasi wake wanaogopwa, adui akiwaona tu anatetemeka. Kiingereza kikamwandika mtu anayeogopa farasi wake. Usitegemee jina la Kiingereza peke yake, shika jina la Kilakota hata kama herufi zimepinda, linganisha umri, linganisha watoto, na kwenye sensa nyingi kuna namba ya mwaka huu na namba ya mwaka uliopita, fuata hizo namba kurudi nyuma mwaka mmoja mmoja bila kuruka. Kuruka miaka mitano kunaweza kukupeleka kwa mtu mwingine mwenye jina lile lile.

SWALI

Kipimo cha DNA kinaweza kunionyesha tiospaye?
Mdadisi

JIBU

Hapana. Kinaweza kukuonyesha damu ya wenyeji wa Amerika kwa ujumla na kukukutanisha na ndugu waliopima, lakini tiospaye ni watu walioamua kuishi pamoja, haiko kwenye mate. Hata uanachama wa kabila hauendi hivyo, katiba ya Waoglala ya 1936 ilianzia kwenye orodha ya watu ya tarehe 1 Aprili 1935, kwa hiyo unatafuta mtu wako kwenye karatasi hiyo na unaonyesha uzao wake umefikaje kwako. Na ukikuta jina Sihasapa, Miguu Myeusi, hao ni Walakota, wako rizavu za Standing Rock na Cheyenne River, usiwachanganye na Blackfeet wa Montana ambao lugha yao haina undugu kabisa na Kilakota.

SWALI

Bibi mzaa bibi wa rafiki yangu wa Rosebud wanasema alizaliwa "mwaka nyota zilipoanguka". Ni hadithi tu au ni tarehe?
Rafiki wa Familia

JIBU

Ni tarehe, na ni nzuri kuliko nyingi zilizoandikwa kwa wino. Walakota walihesabu mwaka kuanzia theluji ya kwanza mpaka theluji ya kwanza inayofuata, na mtunza kumbukumbu alichora picha moja kwa kila mwaka juu ya ngozi, baadaye juu ya kitambaa na karatasi, picha ya jambo ambalo watu wote walilikumbuka. Inaitwa waniyetu wowapi, hesabu ya majira ya baridi. Usiku mmoja wa Novemba 1833 vimondo vilinyesha angani Amerika Kaskazini yote, na karibu kila hesabu iliyobaki ina mwaka huo wa nyota, ndo nanga ambayo wataalamu wanaitumia kupanga miaka mingine mbele na nyuma. Kwa hiyo mwandikie bibi majira ya baridi ya 1833 na 1834, au miezi ya mwaka 1834 kabla theluji haijarudi. Kama familia ina miaka mingine ya namna hiyo, ndoa au kifo, mwambie rafiki yako aiandike kwa maneno ya Kilakota kama wazee wanavyoitamka kabla ya kuitafsiri, afu ailinganishe na hesabu ya Battiste Good, yeye alikuwa Msicangu, tawi jingine la Walakota, wa hapo hapo Rosebud.