Zizi lenye ghorofa?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Natafsiri makala kuhusu majengo ya kale ya mashambani huko Uingereza. Niliandika "zizi la farasi lenye ghorofa", mwenzangu akacheka mpaka machozi. Na lile jengo kubwa la nafaka nimeliita "bani", maana huku kwetu ndilo neno tulilonalo. Nimekosea wapi? (Msomaji, Urambo, Tabora)

JIBU: Marahaba. Mwenzako ana haki ya kucheka. Zizi ni uzio: miti, fito au miiba iliyozungushwa, mifugo ikalala ndani, juu ni mbingu tupu. Hatuezeki zizi, tunalizungushia. Likishapata paa, watu huanza kuliita banda. Kwa hiyo zizi lenye ghorofa ni kama ua wenye dari.

Andika "banda la farasi". Najua banda linasikika jepesi mno kwa jengo la mawe lenye umri wa miaka 200. Wengi wetu tukilisikia tunawaza kuku, au kuonyesha mpira kwa kiingilio. Basi liongezee uzito: "banda la mawe", au "nyumba ya farasi", ukipenda. Usishangae kwamba hatuna neno moja la pekee. Nchi yenye mbung'o haifugi farasi kirahisi, na kitu kisichofugwa hakijengewi. Mpelelezi Stanley alitoka Bagamoyo mwaka 1871 na farasi wawili, na wote walikufa mapema, Tabora hawakuiona. Waliobaki kubeba mizigo ni punda na, zaidi yao, mabega ya wapagazi.

Hiyo "ghorofa" nayo haikuwa ya kuishi. Juu ya farasi palihifadhiwa nyasi kavu, zikasukumwa chini kupitia tundu. Hiyo ni dari. Aliyewahi kuona mahindi yamewekwa darini juu ya jiko, moshi ukiyakinga na fukusi, atakuelewa bila maelezo. Chombo cha kulishia ni hori, neno ambalo Wakristo hulisikia kila Krismasi. Ila angalia, pwani hori ni mkono wa bahari pia, hata aina ya mtumbwi, kwa hiyo mara ya kwanza andika "hori la kulishia" usije ukamzamisha farasi.

Sasa bani. Hapa nakuonea wivu, kwa sababu neno hili wengi wa Dar es Salaam hawalijui, na wanaolijua vizuri ni ninyi wa Urambo, Kaliua na Sikonge. Limetoka kwenye Kiingereza kweli, "barn", na Kiingereza chenyewe kililiunganisha zamani kutokana na maneno mawili, shayiri na nyumba. Kwa hiyo mwanzo wake ni nyumba ya shayiri! Lakini neno likihama haliji na kila kitu. Urambo ilikuwa sehemu mojawapo ya ule mpango wa karanga wa Waingereza ulioachwa mwaka 1951. Karanga zikashindwa, tumbaku ikashika. Bani likabaki na kazi moja: kukausha tumbaku ya mvuke, majani yamening'inizwa kwenye fito, tanuri likilishwa kuni usiku na mchana. Mkulima wa Kaliua akisoma kwamba Waingereza walitia ngano kwenye bani, atauliza waliikausha ya nini.

Jengo unalolitafsiri lilifanya kazi nyingine. Lilikuwa na milango miwili mikubwa inayotazamana, na katikati sakafu ya kupuria. Milango ikifunguliwa yote, upepo hupita moja kwa moja na kupeperusha makapi. "Ghala" peke yake halitoshi, maana ghala huhifadhi tu. Mimi ningeandika "banda la kupuria nafaka". Refu, lakini msomaji anaona kinachofanyika ndani.

Ghala halisi huenda umelikuta kwingine katika makala hiyo: kijumba cha mbao kilichoinuliwa juu ya mawe yenye umbo la uyoga, ili panya akipanda agonge kichwa kwenye kofia ya jiwe. Hicho ni kihenge, na usione haya kukiita hivyo. Kihenge chetu pia huinuliwa kutoka ardhini, na siku hizi hata yale mapipa makubwa ya chuma ya kuhifadhia mahindi ya taifa huitwa vihenge.

Wala zizi lako usilitupe. Katika mashamba mengi ya Uingereza majengo haya yalizunguka uwanja, ng'ombe wakishinda humo majira ya baridi wakikanyaga mabua mpaka yawe samadi. Uwanja huo ndio zizi. Sentensi yako basi ingesomeka hivi: "Banda la farasi, lenye dari ya kuwekea nyasi, lilitazama zizi, upande wa pili lilisimama banda la kupuria nafaka." Mpelekee mwenzako uone kama atacheka tena.