Hesabu za roketi: ushauri kwa mnaoanza PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati)

Swali la roketi likija, wengi wenu mnakimbilia F = ma (kani ni tungamo mara mchapuko), mnachomeka namba, mnapata jibu na kuhamia swali linalofuata. Jibu hilo ni sahihi kwa nukta moja tu, pale roketi inaponyanyuka. Sekunde moja baadaye tungamo si lile tena.

Tuchukue Saturn V, roketi iliyoibeba Apollo 11 kutoka Florida tarehe 16 Julai 1969. Ilipoondoka ilikuwa na takribani tani 2,900, na injini tano za hatua ya kwanza, yaani sehemu ya chini inayoachwa mafuta yake yakiisha, zilikuwa zikila karibu tani 13 za mafuta na oksijeni kila sekunde. Gesi ilitoka kwa kasi ya kama mita 2,600 kwa sekunde. Zidisha kilo 13,000 kwa 2,600 upate msukumo: niutoni milioni 33.8. Zoeeni kuzidisha hivyo kila mara mnapopewa namba hizi, maana hapo ndipo mnagundua mapema kama mlisahau kugeuza tani kuwa kilo.

Sasa mchapuko, yaani kasi inavyobadilika kila sekunde, kwa mita kwa sekunde mraba. Mwanzoni, msukumo ukigawanywa kwa tungamo ni 11.66, toa 9.8 ya mvutano wa dunia, inabaki 1.86. Ni kidogo mno, ndiyo maana ukitazama picha za siku ile dude linapanda taratibu mpaka unaingiwa na wasiwasi. Nenda sekunde ya 135. Zimeungua tani 1,755, zimebaki 1,145. Kwa msukumo uleule unapata 29.5, toa 9.8, inabaki 19.7.

Hapo msipite haraka. Tungamo limepungua mara mbili na nusu tu, ila mchapuko umepanda zaidi ya mara kumi. Anayesema "tungamo likiwa nusu, mchapuko unakuwa mara mbili" amesahau kwamba mwanzoni karibu msukumo wote ulikuwa unaliwa na uzito wa roketi yenyewe. Kinachoisogeza ni kile kinachobaki baada ya uzito kuchukua chake, na hicho ndicho kinachokua haraka. Ukikokotoa kasi ya sekunde ya 135 kwa kuzidisha mchapuko wa mwanzo na muda, unapata mita 250 kwa sekunde. Ukitumia logi asilia, yaani 2,600 mara ln(2,900/1,145), kisha ukatoa 9.8 × 135, unapata karibu 1,100. Hiyo si tofauti ya kukadiria desimali.

(Namba halisi za safari ile haziwi hizi hasa, kwa sababu roketi huinama ikipanda, hewa huikwaza, na injini huzidi nguvu hewa inapopungua. Kwa mtihani, fuata ulichopewa.)

Kosa jingine ni la wale wanaosoma mbele ya darasa. Wameona kwamba kani ni kiwango cha mabadiliko ya momenta (tungamo mara kasi), basi wanaandika F = m(dv/dt) + v(dm/dt). Ninaposahihisha naliona kwenye mstari wa pili, na kila kinachofuata kinaharibika. Jiulize: hiyo v kaipima nani? Aliyesimama chini ana v yake, aliye ndani ya treni inayokwenda kwa kasi ileile bila kubadilika ana nyingine. Wote wawili lazima wapate mchapuko mmoja wa roketi, lakini mlinganyo huo unawapa majibu mawili. Au chukua behewa linaloteleza bila msuguano, limejaa mchanga, na sakafuni kuna tundu. Mchanga unavuja, tungamo linapungua, na kasi ya behewa haibadiliki hata chembe. Kupungua kwa tungamo peke yake hakusukumi kitu. Kinachosukuma ni kuitupa gesi nyuma kwa kasi.

Kwa hiyo, kabla ya mlinganyo wowote, amua unahesabu vitu gani. Weka roketi na gesi yake pamoja, ili tungamo lote lisipotee, halafu linganisha momenta kabla na baada:

mv = (m − δ)(v + dv) + δ(v − u)

δ ni gesi iliyotoka punde, u ni kasi yake ukiipima kutoka kwenye roketi. Fungua mabano, tupa δ·dv kwa sababu ni ndogo mno, na unabaki na m·dv = u·δ. Angalieni v imekwenda wapi: imejifuta yenyewe. Mwanasayansi Mrusi Tsiolkovsky alichapisha mlinganyo wa kasi unaotokana na hapa mwaka 1903, wakati hakuna chombo chochote kilichokuwa kimefika anga za juu.

Wahandisi hawakufurahia huko kupanda kwa mchapuko. Sekunde ya 135 injini ya katikati ya Saturn V ilizimwa makusudi, nne zikaendelea, ili mchapuko wanaouhisi wanaanga usipite mara nne ya g, yaani ile 9.8 ya mvutano wa dunia. Mafuta magumu hayakupi nafasi hiyo: roketi ya Scout iliyorusha setilaiti ya Uhuru kutoka jukwaa la San Marco, pwani ya Malindi, Kenya, tarehe 12 Desemba 1970, ilikuwa ya mafuta magumu, na hayo yakishawashwa yanaungua mpaka yaishe. Msukumo wake unapangwa kiwandani, kwa umbo la tundu lililoachwa katikati ya mafuta.

Mwisho, mkichora grafu ya mchapuko na muda, msichore mstari unaopanda moja kwa moja hadi juu. Hatua ya kwanza ikishaachwa, tungamo linashuka ghafla, na wengi wanatarajia mchapuko uruke. Kwenye Saturn V uliporomoka. Injini za hatua ya pili zilikuwa na msukumo wa kama niutoni milioni 5 kwa mzigo wa tani zaidi ya 600, kwa hiyo wanaanga walitoka kuhisi karibu mara nne ya g wakahisi chini ya g moja, kisha grafu ikaanza kupanda upya.