Binti Anayesikia Mawazo: Abaki Kibirizi au Ahamie Chicago?

*Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu hapa Ujiji. Naandika hadithi ya msichana wa miaka 15 wa Kibirizi, huku Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, anayesikia mawazo ya watu. Rafiki yangu ameisoma, anasema haina utamu kwa sababu binti anajua kila kitu tangu mwanzo. Mama naye kalikuta daftari, kaniambia nisimletee mambo ya kichawi ndani ya nyumba yake. Hadithi za namna hii ninazozipata zote ni za Marekani. Je, nimhamishie Chicago?*
Msomaji, Ujiji

Marahaba, mwanangu. Usimhamishe. Chicago utaiandika kwa kusikia tu, lakini Kibirizi unaijua kwa miguu yako: dagaa kwenye chanja na mchangani, akina mama wakiwageuza jua likiwa kali, boti za Kongo na Burundi zikishusha watu na mizigo.

Rafiki yako kasema kweli. Binti anayesikia kila kitu hana cha kutafuta, na msomaji hana cha kusubiri. Mwekee mipaka, na mipaka hiyo itoke hapohapo anapoishi. Wewe unajua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa kuwa taa ndizo zinazowakusanya. Mwezi ukiwa mpevu nuru inatanda ziwa zima, taa haziwavuti tena, wavuvi wanabaki nchi kavu wakishona nyavu. Mpe binti kalenda hiyohiyo. Siku za giza asikie mpaka kichwa kimuume. Mwezi ukijaa, asisikie lolote. Halafu lile tukio kubwa uliloliandaa liangukie usiku wa mwezi mpevu.

Mpaka mwingine ni lugha. Mrundi akiwaza kwa lugha yake, binti anayejua Kiha atamwelewa vizuri tu, maana lugha hizo ni ndugu. Mfanyabiashara kutoka ng'ambo akiwaza kwa Kibembe, binti ataambulia woga au furaha yake, maneno yatampita. Hapo atakisia, na atakosea, na kosa hilo litakupa sura nzima.

Sasa mkalishe pembeni ya mama yake anayepima dagaa kwa sado. Mnunuzi kataja bei, anaapa hana hata mia ya kuongeza. Binti anasikia kwamba anaweza kuongeza elfu mbili kwa kila sado. Anamnong'oneza mama, mama anakaza, mnunuzi anatoa. Kesho yake vilevile. Keshokutwa wanawake wa chanja ya jirani wameacha kugeuza dagaa, wanamtazama mtoto. Ningekuwa wewe, hadithi ningeianzia hapo.

Nije kwa mama yako, na hapa naomba usome taratibu. Katika hadithi nyingi za Marekani, kijana mwenye uwezo kama huu huwindwa na watu wa serikali au hupelekwa kwenye shule ya siri. Kwetu watakaotangulia kumjia ni majirani. Mama yako hajakosea kuogopa. Nimezaliwa mkoa huu, na kamchape, wale wanaojidai kufichua wachawi, wakiingia kijijini najua kinachofuata: michango ya lazima, ngoma, uani kwa mtu kunafukuliwa, inatolewa pembe au chungu, na jina linatajwa. Jirani wa shangazi yangu, upande wa Kasulu, alitajwa hivyo. Alikuwa mjane, macho yake mekundu kwa moshi wa kuni mbichi alizopikia maisha yake yote. Nyumba ilichomwa, akaondoka usiku na mjukuu mmoja. Nikipita pale mpaka leo roho inaniuma. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na kumtangaza mwenzako kuwa mchawi ni kosa, lakini sheria haikufika pale siku ile.

Kwa hiyo nakuomba kwa dhati: usimfanye bibi mwenye macho mekundu kuwa adui wa binti yako. Waandishi wavivu wamemtumia sana bibi huyo, na watu wanaotafuta wa kumchoma wanazipenda hadithi hizo. Fanya kinyume chake. Wakati wanafukua ua wake, binti awe amesimama kwenye umati, asikie anachowaza: sufuria aliloliacha jikoni, mjukuu yuko wapi, nani atamfungulia mbuzi. Hakuna uchawi wowote mle ndani. Katika kijiji kizima ni binti peke yake mwenye ushahidi kwamba bibi hana hatia, na akiutoa atakuwa amejitaja mwenyewe. Hilo huwezi kulipata Chicago.

Mwandishi Stephen King, mwaka 1974, alitoa riwaya ya Carrie, binti wa miaka 16 anayesogeza vitu kwa akili tu, na mama yake anauona uwezo huo kuwa ni dhambi. Ina damu nyingi, isubiri ukue kidogo. Nimeitaja kwa ajili ya huyo mama: ukimtoa, kitabu kinavunjika. Mama wa binti yako naye apewe nafasi ya kutosha. Na mama yako mwenyewe msomee kwa sauti kile kipande cha sado. Nadhani atakuzuia katikati akusahihishe bei.

*Mwalimu, Kulwa na Doto wangu wana miaka 14. Wamesoma hadithi ya mapacha wanaozungumza kwa mawazo, sasa wanadai na wao wanaweza. Niwakataze?*
Baba mapacha, Tabora

Usiwakataze, ndugu yangu, wapime. Miaka ya 1930 mtafiti J. B. Rhine wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, aliwapima watu waliodhaniwa kusoma mawazo, mmoja akitazama karata na mwenzake akitaja alama yake; alitumia karata 25 zenye alama tano: duara, msalaba, mawimbi, mraba na nyota, kila alama karata tano. Anayebahatisha hupata wastani wa 5. Rhine alidai wapo waliozidi hapo sana, ila wengine waliorudia kwa masharti makali hawakuyapata matokeo yake.

Kateni karata hizo kwenye boksi. Mmoja akae chumbani, mwingine uani, wasionane wala kusikiana. Karata uzichanganye wewe. Wasijichagulie alama, kwa sababu mapacha waliolelewa chumba kimoja huelekea kuchagua vitu vinavyofanana na watadhani wamesomana mawazo. Wakipata 8 mara moja usishtuke, rudieni, andikeni kila raundi. Na wakitaka kutunga hadithi yao ya mapacha, nitaisoma kwa furaha: kurasa zisizidi nne, mwandiko unaosomeka.