Wasomaji wanauliza: Viungo vikavu vya kupaka nyama ya nguruwe

SWALI: Huwa nachanganya viungo vyangu mwenyewe, chumvi na sukari zikiwemo, naviweka kwenye chupa moja. Nikipaka bega la kilo 3, ndani linakuwa limepooza. Nikipaka mbavu viungo hivyohivyo, chumvi inazidi hadi hazilikiki. Tatizo ni nini?

JIBU: Tatizo ni hiyo chupa moja. Chumvi hupimwa kwa uzito wa nyama. Viungo vya harufu hupimwa kwa ukubwa wa sehemu ya nje inayopakwa. Sukari huamuliwa na ukali wa moto. Ukivifunga vitatu hivi pamoja, kila nyama itapata kimoja kwa kipimo kisicho chake.

Bega ni nene. Nje yake ni ndogo ukilinganisha na uzito, kwa hiyo mchanganyiko unaoshika pale hauna chumvi ya kutosha kufika katikati. Mbavu ni bapa, zinapakwa pande zote mbili, na sehemu kubwa ya uzito wake ni mifupa isiyohitaji chumvi. Ndiyo maana chupa ileile inapungua huku na kuzidi kule.

Basi itoe chumvi kwenye chupa. Kwa nyama isiyo na mfupa, pima gramu 15 kwa kila kilo. Kwa mbavu, gramu 10 kwa kilo zinatosha. Tumia mizani kama unayo, kwa sababu kijiko kinadanganya: kijiko cha chai cha chumvi laini ya mezani kina takriban gramu 6, lakini kikijaa chumvi ya chenga kubwa kinaweza kubeba gramu 3 au 4 tu. Kabla ya yote soma lebo ya nyama. Ikiwa imeandikwa kwamba imedungwa maji ya chumvi, anza na nusu ya kipimo.

Viungo vyenyewe, bila chumvi wala sukari, ni hivi:

- paprika isiyo kali, vijiko 4 vya chakula
- pilipili manga iliyosagwa kwa chenga, kijiko 1 na nusu cha chakula
- kitunguu saumu cha unga, kijiko 1 cha chakula
- kitunguu maji cha unga, kijiko 1 cha chakula
- bizari nyembamba, vijiko 2 vya chai
- mbegu za giligilani, vijiko 2 vya chai
- haradali ya unga, vijiko 2 vya chai
- pilipili kali ya unga, kijiko 1 cha chai

Bizari na giligilani nunua nzima. Zikaange kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, ukitikisa kwa dakika 2 au 3 hadi harufu ipande. Ziondoe kabla hazijatoa moshi, kwa sababu zikianza kuungua uchungu wake utabaki kwenye chupa nzima. Zipoe kabisa ndipo usage. Zikisagwa zingali moto, mvuke wake hugandisha unga. Paprika usiikaange, inaungua upesi.

Utapata takriban gramu 70. Kwa bega tumia gramu 12 hadi 15 kwa kilo. Kwa mbavu na vipande vyembamba, hadi gramu 20. Lakini jicho ndilo mwamuzi: nyama ifunikwe kwa tabaka jembamba lililoenea, na rangi yake bado ionekane kwa mbali. Tabaka nene halileti ladha zaidi. Linageuka tope, kisha linabanduka.

Angalia pia unachonunua. Kitunguu saumu cha unga na chumvi ya kitunguu saumu hukaa kwenye rafu moja, chupa zikifanana. Hiyo ya pili sehemu yake kubwa ni chumvi, na ukiitumia hapa hesabu yote inaharibika.

SWALI: Nachoma kwenye mkaa. Nje inakuwa nyeusi na chungu, ndani bado mbichi. Nipunguze viungo?

JIBU: Punguza sukari, au iondoe. Sukari ya kawaida huanza kugeuka rangi karibu na nyuzi 160 za Selsiasi, ikapita hapo ikaungua. Wavu ulio juu ya makaa mekundu una joto kubwa kuliko hilo kwa mbali.

Kwenye oveni ya nyuzi 130 hadi 150, au mkaa uliosogezwa upande mmoja na nyama upande mwingine, sukari ya kahawia inafaa sana: gramu 5 hadi 8 kwa kilo, na inasaidia kufanya gamba la nje lenye rangi nzuri. Kwenye kikaango au moto wa moja kwa moja usiiweke mwanzoni. Nyunyiza dakika 10 za mwisho, moto ukiwa umeshuka.

Paprika na kitunguu saumu navyo huungua, ingawa si haraka kama sukari. Vipande vinene vipike kwanza upande usio na makaa, uvimalizie juu ya moto kwa dakika chache.

SWALI: Nipake saa ngapi kabla ya kupika? Wengine wanasema usiku kucha ili viungo vipenye.

JIBU: Kinachopenya ni chumvi. Viungo vingine karibu vyote hubaki juu, milimita chache tu, hata ukivilaza siku mbili. Kwa hiyo muda unaoupanga ni wa chumvi.

Bega la kilo 2 au 3: paka chumvi jioni, weka kwenye friji bila kufunika, kisha paka viungo asubuhi kabla ya kupika. Chopsi za unene wa sentimita 3: saa 2 hadi 4. Mbavu: saa 1 au 2, zikilala na chumvi siku nzima nyama yake hukaza na kuanza kufanana na nyama iliyohifadhiwa kwa chumvi.

Wakati mbaya kuliko wote ni kati ya dakika 10 na 30 baada ya kupaka. Chumvi inakuwa imevuta maji yakasimama juu ya nyama, na bado hayajarudi ndani. Ukiitia motoni hapo itachemka badala ya kukauka, na viungo vitateleza. Ama pika mara moja, ama subiri.

Kabla ya kupaka chochote, kausha nyama kwa karatasi ya jikoni. Mafuta ya kushikishia viungo si lazima, unyevu mdogo wa nyama unatosha. Na usisugue kwa nguvu. Nyunyiza, kisha bonyeza kwa kiganja.

SWALI: Naweza kutumia kitunguu saumu kibichi?

JIBU: Si katika mchanganyiko mkavu. Maji yake yanaufanya uji, na vipande vyake huungua kabla nyama haijaiva. Ukitaka chako mwenyewe, kikate vipande vya milimita 2, kikaushe kwenye oveni kwa joto la chini kabisa, mlango ukiwa wazi kidogo, hadi kipande kivunjike badala ya kupinda. Kikipoa, saga.

SWALI: Mchanganyiko wangu unaganda kama jiwe.

JIBU: Ni sukari ya kahawia, ambayo ina unyevu wake, pamoja na vitunguu vya unga vinavyovuta unyevu wa hewa. Sukari iongeze siku ya kupika. Chupa iwe ya kioo, yenye kifuniko kinachobana, mbali na jiko na mwanga. Tumia ndani ya miezi 6. Baadaye viungo haviharibiki, bali harufu inapotea.

Mimina kiasi unachohitaji kwenye bakuli kabla hujagusa nyama. Mkono uliogusa nyama mbichi usirudi kwenye chupa, na kinachobaki kwenye bakuli kitupwe.

SWALI: Nyama ya tumbo yenye ngozi nipake kote?

JIBU: Paka upande wa nyama tu. Ngozi ipate chumvi peke yake, ikauke kwenye friji usiku kucha bila kufunikwa. Viungo huungua na sukari hulainisha kabla ngozi haijaanza kupasuka na kuwa kavu.

SWALI: Nitajuaje imeiva ikiwa nje ni nyekundu?

JIBU: Rangi ya paprika haikuambii chochote kuhusu ndani. Choma kipimajoto katikati ya nyama bila kugusa mfupa. Chopsi na vipande vizima: nyuzi 63, kisha ipumzike dakika 3. Nyama ya kusaga uliyochanganya na viungo hivi: nyuzi 71. Bega unalotaka lichambuke kwa uma ni salama mapema zaidi, lakini litakuwa gumu hadi lifike nyuzi 90 hadi 95. Hapo kipimajoto huingia bila kukwama.