Maswali ya Wasomaji: Shahada ya Uhandisi wa Elektroniki

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka kwa vijana waliomaliza S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, na kwa wazazi wao, na karibu zote zinazunguka jambo moja: je, shahada ya uhandisi wa elektroniki inafaa kusomwa hapa Uganda? Tumechagua nne.

Mhariri, shikamoo. Nimemaliza S.6 hapa Arua kwa mchanganyiko wa Fizikia, Kemia na Hisabati. Tangu nikiwa S.2 nashinda kwenye kibanda cha mjomba wangu, tunatengeneza redio, simu na chaja. Mjomba anasema miaka minne ya chuo ni kupoteza muda na ada kwa sababu kazi naijua tayari. Chuoni wanafundisha nini ambacho kibandani hakipo?
*Msomaji, Arua*

Marahaba, mwanangu. Kwanza umshukuru mjomba, kwa sababu wengi wanaoingia mwaka wa kwanza hawajawahi kushika chuma cha kulehemu, nao hutumia muhula mzima kujifunza kile ambacho mikono yako inakijua. Hata hivyo swali lako ni la haki, na njia nzuri ya kulijibu ni kukichukua kifaa ambacho bila shaka kimepita mezani kwenu mara nyingi: chaja ya simu inayounganishwa na betri ya volti 12, ambayo ndani yake mna regyuleta, yaani kidhibiti cha volti, ya miguu mitatu, 7805, inayotoa volti 5. Mteja analalamika kwamba inachaji kwa dakika chache kisha inakata. Fundi anabadilisha 7805, anapokea pesa yake, na kabla wiki haijaisha mteja yupo mlangoni tena.

Mhandisi angeanza na hesabu. Volti 12 zinaingia, volti 5 zinatoka, kwa hiyo volti 7 zinabaki ndani ya regyuleta; simu ikivuta nusu ampea, wati 3.5 zinageuka joto ndani ya kipande kidogo kuliko sarafu. Karatasi ya maelezo ya mtengenezaji inaonyesha kwamba 7805 ya umbo la kawaida, isipofungwa kwenye bati la kupozea, hupanda joto kwa takriban nyuzi 65 za Selsiasi kwa kila wati. Ukizidisha unapata zaidi ya nyuzi 220 juu ya joto la Arua, ilhali silikoni iliyomo ndani haipaswi kuvuka nyuzi 150 au chini ya hapo. Kabla haijafika huko, kinga iliyojengwa ndani yake huikata, kisha ikipoa hurudi kazini. Yaani ile regyuleta ya kwanza mliyoitupa huenda ilikuwa nzima kabisa, na ilikuwa ikijilinda.

Bati la alumini litapunguza tatizo, lakini halitaliondoa, kwa sababu katika wati 6 zinazotoka kwenye betri simu inapata 2.5 tu. Kwa nyumba inayotegemea paneli moja ya sola, hasara hiyo ni kubwa. Dawa yake ni saketi ya aina nyingine, inayowasha na kuzima transista makumi au mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde na kuupitisha mkondo kwenye koili na kapasita, nayo ikibuniwa vizuri inaweza kufikisha karibu asilimia 90 ya nishati kwenye simu.

Sasa jaribu kuibuni wewe mwenyewe. Koili iwe ya ukubwa gani ili mkondo usiyumbe kupita kiasi? Hilo linatoka kwenye nadharia ya saketi na kalkulasi, masomo ya mwanzo kabisa. Kwa nini transista inapata joto zaidi kadiri unavyoiwasha na kuizima haraka? Hapo unahitaji fizikia ya semikonda, yaani vitu kama silikoni. Simu inapoacha kuvuta mkondo ghafla, volti 5 zisiruke hadi 7 na kuiunguza: hiyo ni nadharia ya udhibiti, ambayo kwa kawaida huwangoja wanafunzi mwaka wa tatu. Halafu ipo redio ya jirani, ambayo huanza kunguruma kila chaja hiyo inapochomekwa, na huwezi kuinyamazisha kwa kubahatisha usipoelewa mawimbi ya sumakuumeme na jinsi mshtuko mmoja wa umeme unavyogawanyika katika masafa mengi. Masomo haya yote hutayakuta kibandani, na mjomba naye hana kosa kwa kutokuwa nayo, kwa sababu kazi yake ni kurudisha kifaa katika hali kilichokuwa nayo kilipotoka kiwandani, si kuuliza kama kiwanda kilikibuni sawasawa.

Sitakuficha kwamba njia hiyo yote imetandikwa hisabati. Namba changamano, ambazo S.6 huonekana kama mchezo wa walimu, ndizo lugha ya kila siku ya mkondo wa umeme unaobadilika. Baada yake hufuata mabadilisho ya Laplace na ya Fourier, mbinu za hisabati za kuchambua saketi na mawimbi, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Ikiwa unapenda kutengeneza vitu lakini hisabati inakuchosha roho, nakushauri bila kusita uanze na diploma katika chuo cha ufundi kama Uganda Technical College Elgon kule Mbale au kile cha Lira. Fundi sanifu hodari ana heshima yake na ana kazi, na mlango wa kuingia shahada kwa sifa ya diploma haujafungwa.

Mhariri, binti yangu anataka uhandisi wa elektroniki, lakini kwenye orodha za vyuo naona umeme, mawasiliano ya simu, kompyuta, na mahali pengine umeme na elektroniki kwa pamoja. Tuchague ipi, na je, mkopo wa serikali upo?
*Mzazi, Tororo*

Mama, au Baba, maana hukujitaja: usiyashike sana majina. Makerere hufundisha uhandisi wa umeme, na elektroniki imo ndani yake; Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kina shahada ya umeme na elektroniki; Kyambogo ina mawasiliano ya simu; Busitema, ambayo kwenu ni karibu, ina uhandisi wa kompyuta. Shahada hizi ni za miaka minne, na masomo ya mwanzo yanafanana sana. Ombeni orodha ya masomo ya mwaka wa tatu na wa nne, kisha mtazame kama yameelekea kwenye nyaya kubwa, transfoma na mitambo ya kuzalisha umeme, au kwenye saketi ndogo, maikrokontrola (chipu ndogo zinazoandikiwa programu) na mawimbi ya mawasiliano. Anayetaka elektroniki aende kwenye orodha ya pili hata kama cheti kitasema umeme. Nendeni pia mkaione maabara siku ya kazi, mkahesabu ni wanafunzi wangapi wanaizunguka oskiloskopu moja, kifaa kinachoonyesha umbo la mawimbi ya umeme. Mimi ningeyaamini zaidi macho yangu pale kuliko kitabu cha matangazo chenye picha za kung'aa.

Jambo la kukagua kabla ya kulipa shilingi yoyote ni idhini ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Baraza huidhinisha kila programu peke yake, na idhini ina muda wake, kwa hiyo chuo kuwa halali hakumaanishi kwamba shahada hiyo mahususi ni halali leo. Baadaye, binti yako akitaka kutambuliwa kuwa mhandisi kamili, atahitaji kufanya kazi chini ya wahandisi waliosajiliwa na kisha kuomba usajili katika Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Shahada yenye dosari itamfungia mlango huo wakati tayari ameshatumia miaka na pesa.

Katika kukokotoa alama za kuingia vyuo vya umma, Hisabati na Fizikia ndiyo masomo ya lazima kwa uhandisi, na alama zake huzidishwa kwa 3, kwa hiyo hayo mawili ndiyo yanayobeba mzigo. Wasichana huongezewa alama 1.5, utaratibu ulioanzia Makerere mwaka 1990. Mkopo upo: Bodi ya Kufadhili Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na masomo ya sayansi na teknolojia hupewa kipaumbele. Mkopo hulipia ada ya masomo na ada nyingine za chuo, lakini chakula na chumba vitabaki juu yenu, kwa hiyo pangeni bajeti hiyo mapema.

Niko mwaka wa pili. Nimeweka akiba kidogo ya vifaa vyangu mwenyewe. Nianze na nini?
*Mwanafunzi, Mbarara*

Nunua multimita ya kuaminika, ubao wa kuunganishia saketi bila kulehemu, na maikrokontrola moja ya bei nafuu. Oskiloskopu tumia ya chuo. Kwenye kompyuta, LTspice ya kuigiza saketi na KiCad ya kuchora bodi hupatikana bila malipo, na ukiigiza saketi kabla ya kuijenga utaokoa transista nyingi.

Nina onyo moja tu. Usianze kujifunza kwa kufungua chaja za kompyuta na televisheni. Umeme wa ukutani wa volti 240 ukishageuzwa kuwa mkondo mnyoofu ndani ya chaja hufikia kilele cha karibu volti 340, na kapasita kubwa iliyo karibu na waya wa kuingilia inaweza kuzishikilia baada ya plagi kutolewa. Pima kwanza, iache imalize chaji yake kupitia rezista, kisha upime tena kabla ya kugusa. Wapo mafundi wanaoimaliza kwa kuigusisha bisibisi. Cheche ile huharibu bodi, na siku moja huharibu jicho.

Uganda haina viwanda vya elektroniki. Je, mtu akimaliza shahada hii ataishia kuuza simu Mutaasa Kafeero, kwenye lile jengo la maduka ya simu?
*Msomaji mwenye shaka, Kampala*

Shaka yako ina msingi. Hatutengenezi chipu hapa, na kijana anayeota kubuni prosesa atalazimika kusafiri. Hata setilaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, mchemraba wenye upande wa sentimita 10 uliorushwa Novemba 2022, ilijengwa na wahandisi watatu wa Uganda wakiwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani.

Lakini kazi za elektroniki zimejificha ndani ya mambo yenye majina mengine. Bwawa la Karuma lina mitambo sita ya megawati 100 kila mmoja, na hakuna hata mmoja unaozunguka bila vihisi na saketi za kinga. Gari la umeme la Kiira EV lililoonyeshwa Makerere mwaka 2011 lilizaa kampuni ya mabasi ya umeme yenye kiwanda Jinja. Kampuni za simu zina minara, na bodaboda za umeme zina betri zinazohitaji saketi ya kusimamia kila seli.

Mimi ningemwelekeza kijana hospitalini. Ingia stoo ya hospitali ya wilaya uone mashine zilizotolewa kwa msaada zikiwa zimelala: nyingine zilibuniwa kwa umeme wa volti 120 wa Marekani na zikachomekwa kwenye 240, nyingine ni mashine za oksijeni ambazo bodi zake ziliungua umeme uliporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Kilichokosekana ni kinga inayopima volti, inayokata zikizidi, na inayosubiri dakika chache kabla ya kurudisha umeme. Saketi kama hiyo inafaa kabisa kuwa mradi wa mwaka wa nne, na atakayeijenga ikadumu kwenye wodi atakuwa na cha kumwonyesha mwajiri zaidi ya cheti.